Kaseti Yenye Jina la Janef

Mpendwa Mama Velma, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu Jumamosi binamu zangu wanataka twende Kericho tuvunje duka la mtu, na mimi sijakataa.

Binti yetu Janeffer aliugua figo mwaka mzima, na vile hakuweza kwenda shule nilimnunulia gemu ya televisheni, ile ya kuchomeka kaseti, akacheza mbio za magari mpaka akatushinda wote, na gemu hiyo ukishinda inakuuliza jina na inaliweka humo ndani hata ukizima, lakini nafasi ni ya herufi tano, kwa hivyo akabaki JANEF. Alifariki mwezi wa pili, akiwa na miaka kumi na minne. Tangu hapo mke wangu Chepkemboi, kila Jumapili tukitoka kanisani, anawasha televisheni, anaangalia lile jina, anazima, anaenda kukamua. Mimi ule muziki wa kuanza ulikuwa unanimaliza, nikapeleka kaseti kwa duka la Nyaberi kule Kericho ambapo watu hubadilisha, nikapewa ya mpira wa miguu, nikatia sahihi karatasi ya Kiingereza bila kuisoma, na naapa niliona ni kama kimanagan, vile sisi Wakipsigis tunaweka ng'ombe kwa rafiki, anakunywa maziwa lakini ng'ombe anabaki wako na siku ukimtaka unamchukua. Wiki jana nilirudi kuichukua. Nyaberi akaniambia, "Mzee, hapa kubadilisha ni kubadilisha. Si ulisaini? Hiyo nilishapea mwalimu mmoja wa Kedowa."

Gemu inaweka majina matano tu, na kila anayeshinda anawasukuma wengine chini mpaka wa mwisho anatoka. Mke wangu nimemwambia kaseti iko kwa fundi. Ameniuliza mara mbili huyo fundi ni nani.

Kipyegon, Kaplong

Baba Janeffer, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili na imeniumiza. Sasa nisikilize.

Kimanagan ina watu wawili wanaojua kwamba ni kimanagan. Je, ulimwambia Nyaberi, "Nakuwekea"? Hukumwambia. Ulitia sahihi ukaondoka na kaseti ya mpira, na sioni vile utamshtaki. Yeye pia ana lawama. Duka linalompa mteja karatasi asiyoielewa linamfunga macho, na kama Nyaberi anasoma gazeti hili, aandike ukutani kwa Kiswahili, herufi kubwa, kwamba kaseti ukiibadilisha si yako tena. Mteja ana haki ya kujua hilo kabla hajashika kalamu. Lakini kuvunja duka? Unajua vizuri watu wa makabila tofauti wameumizana vipi huku kwetu miaka hii, na ilianza na maneno madogo kuliko hayo. Waambie binamu zako wakae nyumbani.

Tena hiyo kimanagan siiamini yote. Anayeweka ng'ombe kwa mtu humwambia mke wake. Wewe ulitaka ule muziki utoke nyumbani. Sikulaumu kwa hilo, mzazi huchoka. Nakulaumu kwa huyo fundi.

Leo jioni, kabla hujala, mwambie Chepkemboi kaseti iko wapi na ulivyoipeleka. Atakasirika, mwache akasirike. Kesho mwende wote wawili kwa Nyaberi na ile ya mpira mkononi, mumwombe jina la yule mwalimu. Msiende kudai, nendeni kuomba, na mumwambie ni ya nani. Mkienda Kedowa mbebe kamera, mpige picha ya televisheni jina likiwa hapo, maana hata mkirudishiwa, kuna kabetri ndani ya kaseti kanakoshikilia hayo majina, na siku moja kataisha.

Inawezekana mtakuta watoto wa mwalimu wameshacheza na jina limetoka. Usiwagombeze, hawakujua. Kaa chini pale na mke wako mlie pamoja. Tangu mwezi wa pili amekuwa akilia peke yake mbele ya televisheni, na wewe ukampokonya hata hiyo.