Samaki wa Kuonyesha Wageni

Baba Kulwa wangu,

Watoto wamelala mchana huu, wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo si unajua halitokei, kwa hiyo naandika haraka. Ghuba yetu haitafunguliwa. Nimetaka usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu wa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, maana najua watakavyokusimulia. Watakuambia mkeo ndiye aliyeifunga.

Simu yako haipatikani tangu masika. Masanja, yule mliyekuwa mnavua naye boti moja, aliniambia alikuona mara ya mwisho kwenye kambi ya wavuvi upande wa Mara, umekonda, na kwamba huko mtandao haushiki mpaka mtu apande juu ya jiwe. Ndiyo maana barua hii nimeiacha wazi. Anayekwenda huko aichukue, na anayejua kusoma akusomee, hata kama ni mbele ya watu. Ninayotaka kukuambia mwalo mzima unayajua tayari.

Nakumbuka siku Dada Edna alipoletwa kwetu. Mimi nilikuwa na tumbo kubwa, nakaanga samaki pale karibu na mizani, na wewe ulikuwa ndiyo kwanza unashusha. Alikuja na vijana wawili wa utafiti, wamebeba ubao wenye alama za rula. Mhaya wa Bukoba, msichana mdogo tu, anawaamkia shikamoo mpaka vijana wa kubeba makarai. Akasema wanataka kujua samaki wa ghuba wana ukubwa gani na wamebaki kiasi gani, kwa hiyo watakuwa wanakuja mara kwa mara kupima.

Wewe ukachukua sato mkubwa kuliko wote waliokuwa kwenye boti, ukamfuta mchanga kwa kiganja, ukamlaza kwenye ubao taratibu kama unamlaza mtoto.

“Shemeji, huyu ndiye wa kupima.”

“Asante kaka. Naomba na wale wengine. Hata wadogo.”

“Wale ni mboga ya nyumbani. Mgeni tutamwonyeshaje wale?”

Masanja akadakia, “Ukimpimia wale, atakwenda kusema kwao Bukoba kwamba Wasukuma tunakula vifaranga.”

Watu wakacheka, na Edna mwenyewe akacheka, akaandika urefu wa yule sato wako.

Basi ikawa ndiyo desturi. Siku ya Edna ikifika, kila boti inachambua humo humo majini kabla ya kufika nchi kavu. Wakubwa wanawekwa juu, wadogo wanatiwa kwenye karai, wanafunikwa gunia, na akina mama tunawapitisha nyuma ya mawe kwenda nyumbani. Mliwahi hata kushindana, nani kamletea mgeni samaki mzuri zaidi. Mimi sikuona ubaya, na hata leo siwezi kuuita uongo. Askari wa doria, wale wanaokamata nyavu haramu, walipokuja tulificha kwa kuogopa. Kwa Edna tulificha kwa heshima. Mama yako alinichinjia jogoo siku ya kwanza uliponipeleka Sengerema, na baadaye sana nikaja kujua kwamba ndiye alikuwa kuku wa pekee pale uani. Nani atasema mama yako alinidanganya?

Edna alijaribu kukufundisha. Alimimina samaki wote kwenye beseni, akawavuruga, akageuza uso kuelekea mlimani, akaingiza mkono na kutoa yeyote aliyemgusa kwanza. “Hivi tu, kaka. Bila kuchagua.” Na wewe ukageuza uso, tena kwa mbwembwe, shingo umeizungusha kama bundi. Ukatoa mkubwa. Ukatoa mkubwa mwingine.

“Kaka, vidole vyako vina macho.”

“Ni adabu hiyo, shemeji. Nimelelewa.”

Siku nyingine akampasua sangara mbele yetu kuona amekula nini. Tumboni mlikuwa na vikamba vidogo vya ziwani, vile vyeupe vinavyonaswa pamoja na dagaa, na katikati yao vitoto vya sangara. Nikamuuliza, “Anakula wanawe?” Akanijibu kwamba chakula kingine kikipungua, sangara hula anachokipata. Alisema vile kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya nyanya. Mimi nikarudi kwenye karai langu la mafuta nimeshika tumbo, sikumpenda siku ile.

Halafu ukaja ule mkutano. Mapacha walikuwa wameanza kutambaa, nilikaa nao nyuma kabisa, mmoja mgongoni, mwingine ananyonya. Mkubwa wake Edna alitusomea yale Edna aliyoyaandika: samaki wa ghuba ni wakubwa, ghuba ina afya, hakuna haja ya kufunga mazalia kule kwenye matete. Tulipiga makofi mpaka Doto akalia. Edna peke yake hakupiga. Ulipomuuliza mbona amenuna, akasema, “Kaka, mimi nimeandika kile ambacho ubao umesema.” Ukanishika bega tukirudi nyumbani, ukaniambia ziwa letu limefaulu mtihani. Ulikuwa na furaha kweli. Nikikumbuka uso wako wa siku ile nashindwa kukukasirikia.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Boti zikaanza kurudi na sato wa ukubwa wa kiganja, kisha na maji tu na matete. Watu wakauza injini. Na wewe ukaingia kwenye kokoro, ule wavu wa kukokota mpaka mchangani unaozoa kila kilichopo, hata mayai. Siku ulipoleta wale samaki nilikuambia usiniingizie ndani. Ukaniuliza watoto watakula nini. Nikachukua wale samaki, Baba Kulwa. Niliwapika. Walikuwa wadogo kiasi kwamba watoto waliwatafuna na mifupa yao, na wewe ukawa unaangalia pembeni wanapokula.

Ghuba ilipofungwa hatimaye, ilikuwa imebaki kama nyumba iliyohamwa. Nilikusindikiza Buzuruga stendi, nyavu zako umezifunga kwenye mfuko wa salfeti, Doto amelala begani kwako. Ulinipa mtoto, ukaniambia ghuba ikifunguliwa utarudi. Sikubisha. Nilidhani ni jambo la msimu mmoja.

Tangu hapo nimekuwa nikiisubiri ile ghuba kama mtu anavyosubiri mgonjwa aamke. Edna alinipa kibarua cha kuandika vipimo, kwa sababu maandishi yangu yanasomeka na nakaa karibu. Wao wanatega nyavu zao ndani ya eneo lililofungwa, mimi nakaa nchi kavu na ubao na beseni. Kila tukipima naangalia kama wamekua, na kila nikiangalia nakuona wewe unashuka kwenye basi. Nimechoka kwa namna ambayo kulala hakuisaidii. Kulwa anaumwa kifua kila baridi ikishuka. Nauza vitumbua asubuhi, napima mchana, nafua nguo za watu jioni, na katikati ya hayo yote nawahesabia sato umri.

Mwezi uliopita ndipo kilipofanyika kipimo cha mwisho kabla ya kuamuliwa kama ghuba ifunguliwe au la. Mzee Bugomola, mwenyekiti wetu wa mwalo, alinipitia asubuhi nikiwa kwenye vitumbua.

“Mama Kulwa, leo mkono wako uwe na adabu.”

“Shikamoo mzee. Adabu ipi?”

“Marahaba. Ile ya mumeo.”

Na kule mwaloni wanawake wenzangu walikuwa wamenikalia tayari. “Mwenzetu, chagua vizuri mwanaume arudi. Huko Mara wanawake wana ng'ombe, watamtolea mahari wenyewe.” Nikawaambia wakimlipia wanirudishie na mimi chenji. Tulicheka, lakini walikuwa hawatanii. Waume zao nao hawana pa kuvua. Kila aliyesimama pale alikuwa na mume anayemngoja arudi, au aliyekaa nyumbani bila kazi mpaka amekuwa mkali.

Edna alikuwa bado ndani ya boti na vijana wake wanafungua nyavu. Beseni lilikuwa mbele yangu. Wakubwa walikuwepo, Baba Kulwa, wachache, niliona migongo yao. Hakuna aliyekuwa ananiangalia isipokuwa watu waliotaka nichague. Nilifikiri, nikitoa hawa, halafu nikatafuta wengine kama hawa, ghuba itafunguliwa na mume wangu atarudi nyumbani. Sikuwa na fikra nyingine yoyote kichwani. Sikufikiria ziwa, sikufikiria vizazi vijavyo kama wanavyosema kwenye mikutano. Nilikufikiria wewe tu.

Nikageuza uso, nikaangalia kwenye mawe, nikaingiza mkono. Akaja mdogo. Nikamlaza kwenye ubao, nikaandika. Akaja mdogo mwingine. Wakubwa walikuja pia, mmoja mmoja, kwa uchache ule ule waliokuwa nao majini. Niliendelea hivyo mpaka idadi aliyonipa Edna ya kupima ikatimia, na wanawake wakawa wameondoka mmoja mmoja bila kuniaga.

Majibu yakatoka: ghuba ibaki imefungwa. Labda mkono wangu peke yake usingebadilisha kitu. Labda ungebadilisha. Sijui, na hakuna wa kunijulisha. Edna nilimuuliza ni lini watakuwa wengi kama zamani, akasema, “Dada, mimi napima tu,” halafu akanisaidia kubeba beseni. Mzee Bugomola nilimwamkia jioni ile, akapita kama hajasikia. Unajua hajawahi kunifanyia hivyo tangu niolewe.

Nilivuka kwenda Sengerema kumweleza mama yako mwenyewe, nisimwachie maneno ya watu. Alikuwa anachambua michembe, vile viazi vyake vya kukausha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ng'wanawane,” akaniita, yaani mwanangu kwa Kisukuma, kama anavyoniita akinionea huruma, “yule kijana wangu ungemsaidia arudi.”

“Mama, angerudi. Angevua, wangeisha, angeondoka tena.”

“Hata angekaa kidogo.”

Hapo nikalia, maana na mimi ndicho ninachotaka, hata ukae kidogo. Mama aliinuka. Alinifungia michembe ya watoto kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka kwenye kivuko.

Sasa nikuambie jambo moja kwa ukali, kwa sababu nakupenda na kwa sababu sitaki kulirudia. Masanja alijaribu kunificha, lakini nilimbana akasema: huko uliko umerudia kokoro. Siwezi kukuzuia, niko mbali. Ila ule wavu hautaingia kwenye nyumba hii tena. Ukija nao, uuache njiani, na usiniambie ulipouacha.

Jambo la pili silisemi kwa ukali. Nimeketi na ubao wa watafiti muda wa kutosha hata nimeanza kukuelewa. Si ghuba unayoisubiri wewe. Wewe huwezi kurudi mikono mitupu, kwa sababu ile ile iliyokuwa inakufanya umfunike samaki mdogo kwa gunia. Unaona aibu kutuonyesha kidogo ulichonacho. Unangoja upate cha kulaza mbele yetu ukisema, haya, huyu ndiye wa kupima. Na mimi nimeshapima, baba. Hakipo. Hakitakuwepo mwaka huu, na mwakani siwezi kukuahidi.

Huku nako sina kizuri cha kukuitia. Masanja anaponda kokoto mlimani hapa Ilemela na mikono yake imeharibika. Doto ameanza kumwita baba, si kwa ubaya, ni kwa vile anavaa gambuti kama zako, na Kulwa kila mara anamsahihisha, “Baba yetu yuko Mara.” Anasema Mara kama vile ni jina la kazi yako. Kodi ya chumba nahangaika nayo. Kuna siku tunalala na uji. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye beseni, sikuchagua hata moja.

Siwezi kuja kukutafuta. Watoto wawili hawa siwezi kuwabeba kambi kwa kambi, na hata ningekuona sijui kama ningeweza kukuvuta. Nimejaribu simu, nimejaribu Masanja, nimejaribu kuomba, nimefika mwisho wa ninachoweza. Kilichobaki ni hiki, mtu akusomee.

Njoo hivyo hivyo, umekonda, huna kitu. Shuka kwenye basi mchana watu wakuone. Mimi nitakuwa nimesimama pale na wanao, na sitakuuliza umeleta nini.

Ni mimi mkeo, ninayekungoja nikiwa nimechoka,
Mama Kulwa na Doto