Mama Vifungo, Mguu Uko Salama

Umetimia mwaka mmoja, Mama, tangu ututoke, na kabla ya salamu, kabla ya machozi, tunakupa kwanza habari unayoitaka: mguu uko salama. Tunaanza na mguu kwa sababu tunakujua. Kule hospitali, siku ya mwisho, dada alikuinamia akidhani utamwachia wosia mzito, nawe ukamuuliza, "Mheshimiwa mmemwosha mguu?" Dada akaitikia ndiyo. Alikudanganya, Mama. Alimwosha aliporudi nyumbani, huku analia.

Wasiokujua watuwie radhi, tutawaeleza kidogo. Ulikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa chako peke yako. Wateja walikuita Mama Vifungo kwa kuwa hukuwahi kutupa kifungo, hata kile kilichovunjika nusu. Ulizungumza huku pini zimekujaa mdomoni, na ajabu ni kwamba kila mtu alikuelewa. Mteja akileta gauni la kupanuliwa, amenuna, ulimzungushia futi kiunoni ukamwambia, "Hujanenepa, mwanangu, kitambaa ndicho kimejikunyata." Akatoka anacheka.

Sare za shule za watoto wa mtaa wetu hukuzikataa hata ziliposukumwa mlangoni jioni ya kuamkia kufungua shule. Ulifoka, ukawasema wazazi wao hadharani, ukashona, ukasahau. Hasira zako zilikuwa za karibu na hazikulala ndani.

Mheshimiwa naye aliingia nyumbani kwa sababu hukujua kusema hapana. Mteja wako mmoja alikuwa anahama, akakuomba umshikie simbilisi wake kwa siku chache tu. Mpaka leo hatujamwona tena huyo mteja. Alituachia kanyama ka kahawia na keupe, kanene, kasiko na mkia, kanakopiga mluzi kila mlango wa jokofu ukifunguliwa. Alikuwa ameishi kwenye kizimba cha sakafu ya waya, na unyayo wa mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa umevimba, mwekundu, una kidonda kigumu katikati. Daktari wa mifugo alikwambia wazi: mguu wa namna hiyo hauponi moja kwa moja. Ukitunzwa unatulia, ukipuuzwa unachachamaa.

Basi kila jioni, mteja wa mwisho akishatoka, ulijifunga aproni, ukampakata, ukamchovya mguu kwenye bakuli la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Ukamkausha taratibu, ukampaka dawa. Akianza kupiga kelele ulimwambia, "Tulia, Mheshimiwa, bunge limeahirishwa." Sisi tulikaa kwenye kiti cha wateja tukikupa habari za siku. Mambo yetu mengi tulikuambia wakati huo, Mama, kwa sababu ulikuwa unamtazama yeye na si sisi.

Baba aliishia mlangoni. Ana karakana yake ya useremala ng'ambo ya ua, na alisema yeye na panya wapi na wapi.

"Si panya, Fundi," ulimjibu. "Panya ana mkia."

"Huyu wake kaukata ili akudanganye."

Ulicheka mpaka pini zikakudondoka, na yeye akaenda zake amefurahi.

Ulipoondoka, Baba alizima. Alikifunga chumba chako, akautia ufunguo mfukoni mwa shati, na hakuna aliyethubutu kumwomba. Chai ilipoa mbele yake. Karakana ikanyamaza, mbao zikapigwa na vumbi. Tukimwuliza atakula nini anasema, "Chochote," na hicho chochote hakigusi. Suruali zikaanza kumpwaya. Tuseme kweli, Mama: tuliogopa atakufuata. Kila asubuhi tuliingia chumbani kwake roho mkononi, tukasimama kwanza kuhakikisha blanketi linapanda na kushuka.

Mheshimiwa tulikuwa tukimtunza kwa zamu na kwa kubahatisha. Ndipo wifi yako, ambaye unajua mdomo wake hauna breki, akaja akasema mbele ya watu wote, "Kaka, huyo mnyama mpe mtu. Nyumba yenye msiba haihitaji mgonjwa mwingine."

Baba akainua kichwa. "Huyu haendi popote."

"Atatunzwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe? Wewe soksi zako mwenyewe huzioni mpaka utafutiwe!"

"Nimesema na mimi!"

Alifoka, Mama! Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikipanda tangu msiba. Wifi yako alinuna, sisi tulitaka kumbusu.

Kesho yake tukasikia randa. Tulikimbilia dirishani kama watoto. Baba alikuwa amejifungia karakanani, anapima, anakata, anapiga msasa, mgongo umenyooka, penseli sikioni. Chakula tulimpelekea hukohuko na sahani zikarudi tupu. Alipomaliza akatuita, akavuta shuka, na kweli tulipigwa butwaa. Alikuwa amemjengea Mheshimiwa nyumba ya ghorofa moja, ya mbao ngumu, ina ngazi, baraza na paa la kufunguka. Sakafu ilipigwa msasa mpaka inateleza, na juu yake Baba akatandaza maranda mapya yaliyotoka kwenye randa yake. Lile boksi la zamani ulimokuwa ukimlaza, pamoja na matambara yaliyokuwa ndani, alishalitupa. "Mke wangu alimweka huyu kwenye boksi la sabuni," akasema. "Sasa ataishi kama watu."

Tulimpigia makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba yale matambara hayakuwa matambara.

Haikuchukua muda Mheshimiwa akaacha kupanda ngazi. Halafu akaacha kutembea. Halafu siku moja dada akafungua jokofu na mluzi hakuusikia. Baba alipomgeuza, unyayo ulikuwa umefura, ngozi imepasuka, na mguu wa pili nao ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Alimwaga misumari yote kutoka kwenye sanduku lake la vifaa, akatandika fulana yake ndani, akamlaza Mheshimiwa, akasema, "Nani ananiendesha?"

Dada ndiye aliyemwendesha, na yeye ndiye aliyetusimulia. Daktari aliuliza mnyama analala wapi. Baba akatoa simu, akamwonyesha picha ya nyumba, na hata katika hali ile hakuweza kuficha kwamba anajivunia.

"Nyumba nzuri, Mzee," daktari akasema. "Ingekuwa ya watu ningeomba kupanga. Lakini sakafu ni mbao tupu, na haya maranda yanamchoma palepale penye kidonda. Na ngazi ya nini? Mwenye mguu mbovu unampangisha ghorofani?"

Baba akairudisha simu mfukoni.

"Zamani alikuwa analalia nini?"

"Matambara. Ya mke wangu."

"Matambara tu?"

Baba akafikiri. Hapo ndipo alipoyaona vizuri, anasema, kama yako mkononi mwake: vipande vya blanketi laini vilivyokunjwa mara mbili, vimeshonwa pembeni, vimejazwa katikati. "Vilikuwa vigodoro," akasema. "Alikuwa anamshonea vigodoro. Mimi nimevitupa."

Picha ya eksirei haikutoa jibu la moja kwa moja. Huenda usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa, huenda bado. Daktari alitoa dawa, akaagiza sakafu laini na kavu, ibadilishwe kila siku, mguu uoshwe kila siku, warudi dawa ikiisha. "Mfupa ukiwa umeharibika, Mzee," akasema, "hatutamtesa."

Ndani ya gari Baba alijifuta uso kwa kiganja. "Kitu kimoja tu alichouliza kabla hajafa," akamwambia dada. "Kimoja. Na mimi nimekiua kwa msasa."

Dada anasema hajawahi kuogopa njia nzima namna ile. Sisi tuliobaki nyumbani tulijua tu tulipomwona akishuka: akifa huyu mnyama, tumempoteza na mzee. Kila mmoja alimtazama mwenzake akaangalia pembeni.

Baba alipita sebuleni moja kwa moja, akatoa ufunguo, akafungua chumba chako.

Tulisimama mlangoni, pale alipokuwa akisimama yeye. Kila kitu kilikuwa kama ulivyokiacha, cherehani imefunikwa, makopo ya vifungo yamepangwa dirishani. Akavuta lile gunia lako la mabaki ya vitambaa, akachagua kipande cha blanketi, akakilaza mezani. Akakipima kwa rula ya chuma. Akachora mstari kwa penseli yake ya useremala. Akachukua mkasi wako akakata kwa uangalifu wa mtu anayekata mlango. Mpaka hapo alikuwa fundi. Kisha akakaa kwenye cherehani.

Mama, laiti ungeona. Uzi ulimshinda kuingia kwenye sindano, miwani ikamtoka, akakanyaga kinyume, cherehani ikarudi nyuma, akaitukana kama mtu. Kaka akataka kumsaidia akafukuzwa. Mwishowe ikashika, ikakimbia tririri mpaka pembeni, na Baba akainua mkono kutuonyesha. Kigodoro kikainuka pamoja na mkono.

"Baba," dada akasema, "umejishona."

Alikuwa ameshona mkono wa shati pamoja na blanketi, mshono imara kabisa, hautoki. Akaangalia. Akaanza kucheka. Tukacheka wote, mpaka wifi yako, ambaye alikuja kutaka kujua kelele ni za nini, akakaa chini. Halafu kicheko cha Baba kikageuka, akalaza kichwa juu ya cherehani yako akalia, mkono bado umeshikwa. Alikuwa hajalia hata makaburini. Tulimwacha alie. Tulikaa naye humohumo chumbani mpaka alipomaliza, na alipomaliza akasema ana njaa.

Tangu hapo nyumba ikawa na ratiba. Asubuhi anabadilisha kigodoro, anafua cha jana, anaanika. Jioni anamwosha. Ghorofa aliibomoa kwa nyundo yake mwenyewe, baraza akaliacha, akasema kila mtu anahitaji pa kukaa. Daktari alisema Mheshimiwa apunguzwe uzito, kwa hiyo Baba akawa anatembea mpaka uwanja wa nyuma ya maghala kumtafutia majani, na anarudi amechoka na anakula. Vigodoro vya mwanzo vilikuwa vimepinda, tunakuambia bila kumficha. Vya sasa vimenyooka kuliko vyako, anasema yeye.

Siku ya kurudi kwa daktari tulikwenda wote, tukajaza chumba cha kusubiria, mtu akauliza kama tumeleta ng'ombe. Daktari alimgeuza Mheshimiwa, akauminya unyayo, akautazama kwa taa. Akaagiza picha nyingine. Tukasubiri. Baba alimshika dada mkono mpaka pete ikamuumiza.

Daktari akarudi, akaiweka picha mezani. "Mfupa ni mzima," akasema. "Usaha umekwisha, kidonda kinafunga."

Tukashusha pumzi kwa pamoja, ikasikika mpaka nje.

"Lakini nisikudanganye, Mzee. Huu mguu hautapona kabisa. Ni wa kutunzwa."

"Kutunzwa mpaka lini?" Baba akauliza.

"Kila siku. Maisha yake yote."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mzee. Pole sana."

"Pole ya nini?" Baba akasema, na uso wote ukamfunguka. "Kila siku! Mmesikia? Kila siku!" Alikuwa anatutangazia kama mtu aliyepata kazi. Daktari alitutazama akidhani mzee amechanganyikiwa, na sisi tulishindwa kumweleza, maana tulikuwa tunalia. Hatujawahi kuona mtu akishangilia ugonjwa usiopona. Tulipotoka, kaka alikaa kwenye ngazi za zahanati ya mifugo dakika kadhaa kabla ya kuweza kuendesha.

Ndivyo tulivyo, Mama. Tunakukosa, tusikudanganye. Tunakukosa jioni zaidi, na bado hatujazoea kumweleza mtu mwingine habari zetu. Lakini ile hofu ya kuingia chumbani kwa Baba asubuhi imetutoka, na nafuu yake hatuna maneno ya kuipimia. Siku hizi tukiingia hatumkuti. Ameshaamka, anakanyaga cherehani, anaitukana.

Wanakukumbuka kwa upendo binti yako na wanao wa kiume wawili, wakwe zako, wajukuu, ambao wamekataza Mheshimiwa asiitwe tena panya, wifi yako, anayedai kwamba yeye ndiye aliyeokoa hali ile kwa mdomo wake, na labda ni kweli, majirani na wateja wako wote uliowavika. Anakukumbuka na mumeo, Fundi wako. Ameyasoma haya mpaka mwisho, akakataa kuongeza chochote, akaenda zake uani. Kisha akarudi mlangoni akasema, "Andikeni hivi: nampenda, na asinisubiri mapema."

Hutasahaulika kwetu, Mama, leo wala siku yoyote.