Ngemi Tatu za Wangari

Jumanne, 10 Julai 2007
Uji tena. Asubuhi uji, mchana supu ya waru, viazi vilivyosagwa, jioni uji. Navuta kwa mrija kama ndama. Meno yamefungwa kwa waya, ya juu na ya chini pamoja, mpaka taya lishikane. Shingoni nimening'iniza mkasi wa kukata waya, nikitapika nisisongwe. Njeri, mke wa mwanangu Kamau, anaukagua kila saa kama askari. Tumbo lake linafika mlangoni kabla yake.

Siwezi kuongea. Ndiyo maana naandika. Shule sikuiona. Herufi nilizipata kwa ngumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na mvi, na leo zimenifaa.

Ijumaa, 13 Julai
Kwa daktari, Nakuru. Mhindi kijana, mikono laini. Anasema nilizaliwa taya likiwa nyuma, ulimi unaziba koo. Kumbe ndiyo sababu miaka yote nalala nimeketi kitini, nikikoroma kama lori ya mbao. Amelikata, akalisogeza mbele.

Nikamwandikia: NITAPIGA NGEMI? Hakuelewa. Nesi akamwambia ni vigelegele vya mtoto akizaliwa. Akacheka. Pumzi itatosha, akasema, lakini waya kwanza.

Nataka hiyo tu. Mjukuu wa pili alipozaliwa, pumzi iliniishia katikati. Nikakohoa mbele ya watu, jirani Nyokabi akanimalizia. Kamau ana wavulana wawili. Msichana wake wa kwanza atabeba jina langu. Huyo hapigiwi na Nyokabi.

Jumapili, 29 Julai
Nimekonda. Gauni la kanisa linanizunguka. Uso umefura upande mmoja. Sijali.

Baada ya ibada nilijaribu kulala chali. Nikaogopa, nikaketi. Nikajaribu tena. Hewa ikaingia kama mtu amefungua dirisha. Nililia. Kulia na waya mdomoni ni kazi.

Jumatano, 8 Agosti
Mtoto amekuja mapema. Hapa nyumbani, mkunga amemwahi tu. Msichana! Mzima, na ana sauti.

Na mimi na waya. Nyokabi akaruka ua, akasimama mlangoni, akapiga ngemi. Tano!

Tano ni za mvulana. Msichana ni tatu, hata mbwa wa hapa Elburgon wanajua. Amezoea kupigia wavulana wa nyumba hii, hakuuliza. Nikanguruma kwa pua. Akanigeukia: "Ai, leo Wangari amenyamaza! Mungu ni mwema."

Alhamisi, 9 Agosti
Watu wanakuja kumpongeza Kamau kwa mvulana wa tatu. Mzee mmoja tayari anamwita mtoto kwa jina la kaka yake Kamau, kama ilivyo desturi kwa mvulana wa tatu. Jina langu hilo wanalotupa! Hasira nusura ikate waya bila mkasi.

Nikararua katoni ya sabuni, nikachukua kaa la jikoni. NI MSICHANA. NI WANGARI. Nikaitundika langoni, nikasimama kando yake mpaka jioni. Asiyejua kusoma nilimvuta ndani, nikafunua nepi.

Nyokabi hakuja.

Jumatatu, 20 Agosti
Waya imetolewa. Mdomo unafunguka kidole kimoja. Neno la kwanza nilimpa Njeri: asante. La pili nilimpa Nyokabi, juu ya ua. Hilo siliandiki.

Jumamosi, 1 Septemba
Leo. Mdomo umekubali.

Nilivaa gauni, Njeri amelikaza. Nikambeba mtoto mpaka langoni, mahali ilipokuwa ile katoni. Nikapiga ya kwanza. Nikavuta hewa, ikaja. Ya pili. Ikaja tena, mpaka tumboni. Ya tatu niliiachilia hata kule kwa kiwanda cha mbao wakazima msumeno, wakatoka kutazama. Mtoto hakulia. Alinitazama tu.

Nikanyamaza hapo hapo. Pumzi ilikuwa imebaki, lakini msichana ni tatu.

Nyokabi alikuwa kwake, anahesabu kwa vidole. "Hiyo mdomo si wangeiacha tu imefungwa!" Halafu akaja na kuku jike. Nimempikia chai. Ni mjinga, lakini ni mjinga wangu.

Jumapili, 2 Septemba
Mvua kidogo. Sikuenda kanisa. Nimelala chali, mtoto kifuani.

Njeri ameingia polepole, akaniwekea mkono puani. Anasema nyumba ilikuwa kimya, hakuna mkoromo, akaogopa. Nikafungua jicho moja, nikamwambia akalale na yeye.

Kile kiti nilichokuwa nalalia nimekitoa nje. Kuku wa Nyokabi amekipenda, ametaga.