Nilisema ni Bata

Jumatano. Mvua imekatika mchana, lakini ziwa bado lina rangi ya majivu na mimi sina raha hata kidogo.

Wiki tatu zilizopita Maman Nsimire, jirani yangu hapa Nguba, aliniita kwenye ua wake unaoishia kwenye matete. Bata wake wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa. Alinionyesha kiota kinachoelea, mayai manne ndani, na ndege mweusi akiogelea mbali. Akauliza kama ni bata. Nilitupa jicho mara moja, nikasema ni bata wa porini.

Sikuangalia mdomo. Sikuangalia miguu. Mimi ninayefundisha biolojia, ninayeitwa Prof mpaka kanisani.

Aliyachukua mayai akayaweka chini ya kuku wake anayeatamia, kama tunavyofanya sote huku na mayai ya bata. Jumatatu yakaanguliwa yote manne. Kifaranga mmoja hakumaliza siku.

Jana akaniita tena. Wamebaki watatu, weusi, vichwa vyekundu vyenye upara. Kuku anaparua na kuwaita waje kwenye unga, wao wamekaa tu midomo wazi, wanalia.

"Prof, hii iko bata ya namna gani? Haijue hata kula."

Nilimshika mmoja. Mdomo si bapa, umechongoka. Vidole havikuunganishwa kwa ngozi kama vya bata; kila kimoja kina vipande vyake vya ngozi pembeni, kama majani madogo. Huyu ni kukuziwa, yule ambaye vitabu vyetu vya Kifaransa vinamwita foulque, na wala hana undugu na bata. Mkubwa wake ana mdomo mweupe, paji jeupe, na juu yake vinundu viwili vyekundu. Ningeviona kama ningetazama.

Kifaranga wa bata hujilisha tangu siku ya kwanza. Wa kukuziwa humngoja mzazi apige mbizi, alete jani au mdudu, amtie mdomoni. Kuku hafanyi hivyo. Walikuwa wanakufa njaa mbele ya chakula.

Nilijua yote hayo nikiwa nimesimama palepale. Na nikamwambia ni baridi, awaongezee nyasi kavu.

Niliona aibu. Sina sababu nyingine ya kuandika hapa.

Leo baada ya masomo nimeshuka kwake ili niseme. Nimemkuta ameketi kwenye kigoda, kifaranga kiganjani, akimtilia mdomoni vipande vya sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwa ncha ya kijiti. Hakuna aliyemfundisha. Aliona midomo wazi, akafikiri labda wanataka kupewa.

Nimemwambia si bata, na kwamba kosa ni langu. Aliendelea kulisha kwanza.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu jana, Maman."

"Jana bilikuwa bitatu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Ndani ya kikapu alikuwamo mwingine mmoja tu.

Kisha akaninyooshea kijiti. "Kamata, Prof. Ule mwengine naye iko na njaa."

Nimelisha mpaka vidole vinanuka samaki. Kule kwenye matete wazazi wao wanajenga kiota upya, vichwa vikitikisika mbele na nyuma. Nimefikiri kuwarudisha hawa wawili, lakini kukuziwa huweza kumdonoa kifaranga asiyemtambua hadi afe, na mayai haya hawakuyaatamia wao. Kwa hiyo kesho kabla ya shule nitashuka tena na sambaza, na kesho kutwa, mpaka wajue kula wenyewe.

Nilipokuwa naondoka Maman aliniuliza kama wataishi.

Nimemjibu sijui. Wiki tatu zilizopita neno hilo lingetosha.