Kwa Ndugu Yangu Anayeogesha Wazee wa Japani

Mpendwa ndugu yangu Muriithi,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua huanza hivyo. Nakuandikia nikiwa hapa Gatitu, jikoni kwa Mama, na nakuandikia barua ya wazi, mbele ya watu, kwa kuwa simu zangu hupokei, na maneno ya watu ndiyo kitu pekee unachoogopa.

Jana ulitutumia video nyingine. Uko Nagoya, katika nyumba ya wazee unakofanya kazi, umevaa aproni ya buluu na gambuti nyeupe. Unaogesha bibi mmoja wa Kijapani aliyefunikwa taulo, na sijui nani alikuruhusu kumpiga picha. Umemketisha kwenye kiti kifupi. Unapima maji kwa mkono wako kwanza, na kabla ya kumgusa bega unamwomba radhi kwa Kijapani. Ukihamia mkononi, unaomba tena. Hata goti limeombwa radhi. Halafu wewe na mwenzako mnamshusha polepole kwenye beseni lenu kubwa, maji yanamfika mabegani, naye anafumba macho.

Mama aliitazama mara tatu. Akasema, "Huyo mama anaoshwa vizuri. Mwambie asimwekee maji moto sana." Mimi nilitoka nje nikaketi juu ya ndoo, maana nilikuwa karibu kuivunja simu.

Unaikumbuka Desemba ulipokuja? Mama alikuwa amekungoja miaka mitano. Nilikuwa nimemkalisha sebuleni na kitambaa kipya kichwani, na wewe ulipoingia tu ukainama mpaka kiunoni. Akakuangalia, akaangalia sakafu, akauliza, "Kwani umeangusha nini?" Mimi nilicheka. Wewe hukucheka. Ulitueleza kwamba kule watu huinama kuonyesha heshima, na heshima ikizidi mtu huinama zaidi.

Kisha ukatuvua viatu sote. Ulimvua hata mzee wa kanisa aliyekuja kukuombea, akaomba kidole gumba kikichungulia kwenye soksi. Wewe huyo, Muriithi, uliyekuwa ukiacha viatu vyenye matope ya shamba la kahawa katikati ya nyumba, na mimi nikivisugua Jumapili asubuhi ili uende kanisani ukisifiwa usafi. Ukanunua na malapa ya chooni pekee, ukayapanga nje ya choo chetu cha shimo. Siku ya pili kuku alitaga ndani ya lapa moja.

Mezani uliunganisha viganja, ukafumba macho, ukatamka neno refu. Mama akauliza, "Hiyo maombi iko na amina?" Ukasema si maombi, ni kumshukuru aliyepika na kila kitu kilichotoa uhai wake kiwe chakula. Baada ya shukrani hiyo yote ukala vijiko viwili vya mukimo wa viazi na mahindi niliouponda tangu asubuhi, ukasema tumbo lako limezoea vitu vyepesi. Ukachemsha supu yako ya pakiti, ile ya soya na samaki mkavu. Mama alikuwa hajawahi kula samaki tangu azaliwe, na unajua. Aliinywa yote kwa mkono wake mzima, wa kushoto, huku ikimmwagikia, kwa sababu ni wewe uliyempa.

Sina ubaya na Wajapani. Mengi uliyosimulia niliyapenda, na nayapenda mpaka leo. Ulituambia kila Septemba wana siku ya kuheshimu wazee, kwamba nyinyi wahudumu hupiga magoti mbele yao mkawalisha wali wenye maharagwe mekundu. Mama alikusikiliza mdomo wazi. Nami nikajiambia, basi angalau sasa nimepata wa kunisaidia.

Siku ya nne nikaenda mjini kwa shughuli za shule, nikakuachia Mama. Niliporudi saa kumi nilimkuta kwenye kiti kile kile, na gauni lile lile, limelowa mkojo tangu asubuhi. Alikuwa anatetemeka. Wewe ulikuwa nje kwenye jua na simu yako. Unakumbuka ulivyoniambia?

"Si nilikuwa nakungoja, Wangari. Mimi ni mwanaume. Siwezi ona Mama uchi. Hiyo ni thahu."

Thahu. Ule unajisi wa mababu, unaoleta mikosi nyumbani. Siku tatu ulikuwa Mjapani kuanzia miguuni mpaka kwenye supu, na kazi ilipofika ukawa Mkikuyu kuliko babu yetu. Yule bibi wa Nagoya si mama wa mtu? Nilikudharau siku ile, Muriithi, na nimejaribu kuacha nikashindwa. Kumwinamia mtu mlangoni ni rahisi, mgongo wako bado mzima.

Tangu kiharusi kimpige upande wa kulia, Mama haoshwi na mtu mwingine ila mimi. Wasichana wa kazi wawili wameondoka, kwa kuwa hataki mgeni amwone. Nikiwa darasani ananingoja, na najua namna anavyoningoja. Kwa ajili hiyo nimekataa mara mbili nafasi ya kuwa mwalimu mkuu huko Doldol, mbali na nyumbani. Wiki iliyopita waliniuliza mara ya tatu, na wakanieleza kwamba hawataniuliza tena.

Nimekubali. Umesema unakuja Aprili kwa mwezi mzima. Naripoti Doldol Jumatatu ile ile unayofika. Mwezi huo nitautumia kutafuta nyumba karibu na shule, nije nimchukue Mama.

Leo asubuhi nilimuuliza Mama waziwazi kama atakubali kuogeshwa na wewe. Nilidhani atakataa, na kusema kweli sehemu yangu moja ilitaka akatae, ili nipate sababu ya kubaki na kukuchukia. Aliutazama mkono wake uliolala kwenye paja.

"Yule mama wa Japani haoni haya, na anayemuosha si mtoto wake. Mimi nitaona haya ya nini? Ni mimi nilimuosha kwanza." Kisha akaongeza, "Lakini usimlazimishe. Muulize kama anataka."

Mimi sikuulizi. Ufunguo utakuwa kwa jirani. Sabuni na taulo ziko kwenye rafu ya chumbani. Mkono wa kulia unamuuma ukipita bega, uinue polepole. Ukiona huwezi, usimwache kitini akingoja mpaka saa kumi. Nipigie simu, nitarudi siku hiyo hiyo na kazi nitaiacha. Ila baada ya hapo Mama atakuwa amebaki na mtoto mmoja, na nitamwambia hivyo mbele yako.

Safari njema.

Mimi dada yako mkubwa, mpaka Aprili.