Kabichi Aliyoikata Mama

Jumapili, tarehe 14 Juni

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijafika mbali nakuahidi kwamba leo nitakueleza yote, hata yale yatakayokufanya unikasirikie. Mwalimu wetu wa lugha husema kwamba barua isiyo na ukweli ni bahasha tupu iliyobandikwa stempu. Barua yangu iliyopita ilikuwa hivyo, ingawa wewe hukujua.

Mgongo wako unaendeleaje? Dereva wa lori la sabuni ametuambia kwamba mashine moja ya kufulia hapo hospitalini imekufa, na sasa mnakamua mashuka kwa mikono. Nimesikitika sana, maana najua ukiinama kutwa nzima usiku hulali. Tafadhali jipake ile dawa, na mwombe mwenzako akusugue pale usipofikia. Sisi huku tu wazima. Baba anakohoa kidogo na anakataa dawa, kama unavyomjua. Paka wetu amezalia ndani ya kapu la nguo safi, na Mama amesema potelea mbali, alee.

Habari kubwa ni kwamba Baba amefanywa msimamizi wa karakana. Yeye mwenyewe hakutuambia. Tuliambiwa na yule mchomeleaji wao wanayemwita Cheche, ambaye alikuja mpaka mlangoni akatangaza kwamba yeye hatambui cheo cha mtu yeyote kabla hajalishwa. Mama alicheka, akamwambia atalishwa mpaka aombe msamaha. Hapo hapo ikaamuliwa kwamba Jumamosi ya tarehe 13 watu wote wa karakana wale chakula cha mchana kwenye majani, nyuma ya karakana, na kwamba kutakuwa na nyama ya kuchoma, viazi, na saladi ya kabichi.

Mama aliposema kabichi, Baba alinitazama, nami nikatazama sakafu. Tangu uondoke hakuna mtu aliyekata kabichi mbichi nyumbani kwetu. Najua huhitaji kukumbushwa siku ile, lakini mimi siachi kuikumbuka: wewe umeinama kwenye beseni, wageni wamejipanga wapigwe picha, na hakuna aliyekuita. Ulisema kwamba katika nyumba hii wewe ni mikono tu, huna uso. Mama naye akajibu kwa kuuliza ni nani aliyekuomba uikate hiyo kabichi. Asubuhi yake kitanda chako kilikuwa kimetandikwa na mfuko wako haupo. Picha ile bado iko ukutani, na kila nikiitazama nakutafuta, ingawa najua wewe humo.

Basi Jumamosi Mama alikata kabichi mwenyewe. Alichagua tatu ngumu na nzito, akaondoa majani ya nje, akatoa kile kiini kigumu cha katikati, akaanza kuzichana juu ya ubao. Vipande vya mwanzo vilikuwa vinene kama kamba za viatu. Nilimwomba kisu, akasema nikae kando, kila mtu na kazi yake. Alijikata kidole, akakifunga kitambaa, akaendelea, na polepole vipande vikawa vyembamba, karibu kama vyako. Sijawahi kumwona Mama akifanya kazi kwa makini vile. Mimi nilikwaruza karoti. Tukaiosha kabichi kwa maji ya barafu, tukaifunga kwenye taulo safi, nami nikaipunga uani mpaka maji yote yakaruka, kama ulivyonifundisha. Nilipoonja kipande, kililia mdomoni hata Baba akageuka kutazama ni nini kilichovunjika.

Ndimu, mafuta, chumvi, sukari kidogo na pilipili manga nilivitia kwenye chupa. Nilitaka twende nayo chupa ikiwa imefungwa, maana neno lako silisahau, kwamba kabichi haimsubiri mtu, mtu ndiye anayeisubiri kabichi, na ndimu isiiguse mpaka watu wameshika sahani. Lakini tulipofika karakana, saa tano, wageni hawajaja, Mama aliniamuru nimimine chupa yote na kuchanganya. Nilimkumbusha kwamba Shangazi hachanganyi mapema. Akanijibu kwamba leo hataki kuona mtu ameinama kwenye beseni wakati wenzake wameketi. Nilidhani anaogopa kuchafua gauni lake jipya. Nikachanganya.

Chini ya paa la bati, kando ya majani, walipoweka meza, Mama alipanga viti, na kimoja, kile chenye mto, akakiweka kando ya kiti cha Baba. Mtunza stoo alipotaka kukikalia aliambiwa kina mwenyewe. Cheche akauliza kama mwenyewe ni mkurugenzi, ili yeye akanawe uso. Wakacheka. Wageni wakaenea, nyama ikaiva, na Mama bado anasema tungoje kidogo. Kila gari likisimama barabarani alifuta mikono kwenye aproni na kuchungulia getini. Mwishowe Baba akamwita kando, akamwambia kwa upole kwamba watu wana njaa na wengine wameanza kula viazi kwa macho.

Saladi ilipofunuliwa ilikuwa imelala. Kabichi imezama chini, juu maji tupu, na karoti zinaelea. Cheche alichota kijiko, akakiinua, akamuuliza Mama, ambaye humwita shemeji, kama hii ni saladi au ni supu iliyosahau moto. Watu wakaangua kicheko. Mtunza stoo akamwambia Mama kwamba kwa kweli wifi yake aliyekuwa akiikata zamani alikuwa na mkono wake, alikwenda wapi? Kicheko kikakatika. Mama alitabasamu, akasema yuko salama, ana kazi nyingi. Kisha akaendelea kugawa nyama. Kiti chenye mto kilibaki kitupu mpaka mwisho, na Baba hakuikataa saladi ile. Alijaza sahani akaimaliza, pamoja na maji yake.

Sasa nafika pale ninapoogopa, Shangazi.

Tulipokuwa tukiosha vyombo bombani, Mama aliniuliza, bila kuniangalia, kama kweli hukujibu hata neno moja. Nilisema hukujibu. Akasema basi, ndivyo ilivyo, maji yakimwagika hayazoleki. Alidhani utakuja uikute kabichi imekwisha kukatwa na kuchanganywa, beseni limefunikwa, kazi yote imekwisha, usiwe na la kufanya ila kuketi karibu na kaka yako na kuletewa sahani. Alisema hayo kana kwamba anazungumza na sufuria. Ndipo nilipoelewa kile kiti, na ile haraka ya kuchanganya, na kile kidole kilichofungwa kitambaa.

Wewe ulialikwa, Shangazi. Mama anajua simu za nyumbani huzipokei, kwa hiyo wiki mbili zilizopita, nilipokuwa nakuandikia, alisimama mlangoni akaniambia niongeze maneno haya, nami sasa nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwake: "Mwambie Jumamosi ile kuna chakula cha kaka yake. Akitaka aje, asipotaka abaki huko huko. Na kabichi nitakata mwenyewe." Kisha akaenda zake. Niliyaona maneno yana miiba. Niliogopa ukiyasoma utasema hata mwaliko wao ni tusi, na mlango uliobaki wazi kidogo utafungwa kabisa. Nikajiambia nitangoja Mama apoe, ayaseme vizuri zaidi, ndipo nikuandikie. Hakuyasema tena. Mimi nikakuandikia habari za mtihani wa hesabu, nikafunga bahasha. Baba naye hakukutafuta, kwa kuwa Mama alimwambia ameshakualika.

Wewe uliniita Chiriku kwa sababu sinyamazi. Siku moja tu nilipotakiwa kusema, nikajifanya mwenye hekima.

Leo asubuhi nilishindwa kunywa hata chai, nikamwambia Mama yote. Nilitegemea kofi. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akatazama kidole chake, akauliza tena kama kweli hukujua lolote. Nikasema hukujua. Akavuta pumzi ndefu, na sikuweza kutambua kama amekasirika au amepata nafuu. Baadaye akanipa karatasi hizi, akaniambia niandike yote na nisipunguze neno, hata lile la kubaki huko huko, kwa sababu alilisema na hawezi kulikana. Nilimuuliza kama ana neno la kuongeza. Akasema hana, halafu aliporudi jikoni akaniita niulize habari za mgongo wako. Nimekwisha kuuliza, hapo juu, lakini huko niliuliza mimi. Huku anauliza yeye.

Baba anakusalimu sana. Hajanigombeza, ameniambia tu kwamba yeye ni kitambaa kati ya sindano mbili, na mimi sasa ni ya tatu. Jirani mwenye kuku anakusalimu pia. Ndiye aliyepewa saladi iliyobaki, na amesema kuku wake hawakulalamika. Wasalimie wenzako wa chumba cha kufulia. Barua hii nitampa dereva wa lori la sabuni. Amekubali kukusubiri wakati wanashusha mzigo, basi naomba unijibu papo hapo, hata kama ni kwa mstari mmoja, hata kama ni wa kunigombeza. Ninastahili.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na ninayejuta,

Chiriku

Swali langu ni moja tu, Shangazi: kama ningekuandikia maneno yale ya Mama vile vile alivyoyasema, pamoja na miiba yake, ungekuja?