Kiti kwa Kipimo cha Baba

Karakana ya Fundi Onesmo,
Maili Moja, Kibaha.
11 Julai 1976

Baba yangu mpenzi, Mzee Mwinyimadi,

Shikamoo Baba. Mimi ni mzima, na namwomba Mungu barua hii ikukute kifua kimepoa na shingo haikuumi kama siku ile tulipoagana. Shangazi Biubwa hajambo? Na mdogo wangu Mboni je, bado anaunguza ugali akianza kuimba? Mwambie gauni lake nimelimaliza, yamebaki matundu ya vifungo tu. Hapa kwetu ni baridi asubuhi, na ukungu unalala barabarani mpaka jua lipande. Nikifungua mlango wa karakana naona magari mabovu yamesimama ndani ya ukungu ule bila magurudumu, na kwa kitambo kidogo huwa naamini yanaelea.

Ile barua yako ya mwezi wa tano, uliyoandika kwa mkono wako mwenyewe, niliionyesha karakana nzima. Herufi zako ni ndefu kama wewe na hazitaki kukaa kwenye mstari, lakini nilizisoma zote. Masomo ya watu wazima yamekufaa, Baba, na yamenifaa na mimi. Kuna jambo humu ambalo nisingethubutu kuliandika zamani, wakati Mboni ndiye aliyekuwa akikusomea kwa sauti na Shangazi ametega sikio. Hili ni letu wawili. Nitalifikia, nipe nafasi nijikaze.

Ndani ya gunia lililokuja na barua hii kuna kiti. Usikunje uso kwanza. Nakumbuka kijiji kilipopewa pikapu badala ya lile lori la zamani, watu walicheza ngoma na wewe ukacheza nao. Lakini ndani ya lori kichwa chako kilikuwa na nafasi yake, na kofia juu. Ndani ya pikapu unaendesha umelaza shingo dirishani, mpaka watu wa Mzenga wakakutania kwamba unasikiliza magurudumu yanasema nini. Ulicheka. Mboni ndiye aliyenieleza kwamba ukitoa salamu mwisho wa swala shingo haigeuki, unageuza mabega yote. Na Shangazi akanieleza kwamba kamati ya kijiji itakaa kabla ya msimu wa korosho, na Mwenyekiti ameshasema, kwa upole kweli, kwamba Twalibu ashike usukani, ni mfupi, anaingia vizuri mle ndani, na wewe upumzike. Nakujua, Baba. Tangu Mama alipotutoka, kinachokuinua kitandani alfajiri ni swala na gari. Wakikutoa kwenye usukani nakuogopea. Nasema wazi, nakuogopea sana.

Kiti cha kwanza nilikosea, na kosa lenyewe lilikuwa la kijinga. Wewe ulikataa kupimwa, basi mimi nikamshika Kondo, muuza kahawa wetu hapa, kwa kuwa nyote wawili mnainama kwenye mlango uleule wa karakana. Nikamsimamisha ukutani, nikamkalisha, nikampima mpaka kahawa yake ikapoa. Kumbe Kondo ni mrefu wa miguu, wewe ni mrefu wa kiwiliwili. Kiti kikafika huko kijijini Masaki, magoti yako yakapata uwanja wa mpira, na kichwa kikabaki palepale darini. Ukaniandikia kwamba kiti ni kizuri sana, ila ni cha mtu mwingine. Fundi Onesmo alicheka mpaka akavua miwani.

Hiki cha sasa kilitoka kwenye gari la mashindano lililopinduka miaka mingi iliyopita, na Onesmo alikipata kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Ni kiti cha mtu mmoja, chembamba, kina mbavu mbili zinazomshika dereva huku na huku kama mtoto aliyebebwa. Benchi la pikapu lina unene wa shibiri nzima, na shibiri hiyo ndiyo inayokugongesha dari. Hiki tumekikata miguu na kukichomelea fremu ya chuma inayokaa karibu kabisa na sakafu. Mbele tumekiinua vidole viwili, maana mtu akikaa chini paja linaning'inia, na paja linaloning'inia huchoka kabla gari halijafika Kisarawe. Mgongo wake ni mwembamba, kwa hiyo nyuma umepata vidole vinne zaidi. Jumamosi Onesmo atakuja na spana, na kibenchi kifupi cha abiria. Bolti zitaingia katika matundu yaleyale ya zamani, kwa sababu matundu hayo niliyapima mwenyewe nilipokuja kwenye hitima ya Mama ya mwaka huu, mchana kweupe, wewe ukinishikia mlango. Gari ulikubali lipimwe.

Wewe hukukubali, na sikusahau ni kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuona ukiingia alimolazwa Mama na kamba ya ukindu, ukatoka umeishika kwa mikono miwili, ina fundo, ukawapelekea waliokuwa wakichimba kaburi. Tangu siku ile hakuna fundi cherehani aliyekugusa. Hata kanzu zako hukatwa juu ya kanzu kuukuu.

Basi sasa nimefika, Baba. Siku ya pili baada ya hitima, uliswali adhuhuri, ukajilaza kwenye mkeka pale ukumbini. Shangazi na Mboni walikuwa shambani wakichimba mihogo. Nyumba ilikuwa na kimya kile cha zamani. Jua lilipenya kwenye makuti likaweka madoa juu ya kanzu yako, na madoa yakawa yanapanda na kushuka pamoja na pumzi yako. Sijui nilikaa muda gani nikiyatazama. Nilijiona mdogo tena, nikasikia kabisa Mama akichekecha unga uani, nikajua kwamba nikiita ataitika. Sikuita. Nilifungua upindo wa kanga yangu nikatoa kamba.

Nilikupima, Baba. Kiunoni mpaka utosini, nikafunga fundo. Bega mpaka bega, fundo. Kiunoni mpaka gotini, fundo. Moyoni nilikuwa namwomba Mungu asije akaichanganya kamba yangu na ile nyingine. Tangu hapo kila mtu anayetoka Masaki hunitia hofu. Mboni aliponiletea habari kwamba una kikohozi, nilikaa chini palepale kwenye vumbi, nikijua ni mimi niliyekuletea.

Lilibaki fundo la nne, goti mpaka kisigino. Mguu wako wa kulia, ule wa kukanyagia mafuta, ulikuwa umeukunja chini ya mwenzake. Nilizunguka huku, nikazunguka huku, nikashindwa. Nikanong'ona, si kwako, kwa nafsi yangu tu, kwamba bila mguu ule kazi yote ni bure. Nikaanza kuizungusha kamba mkononi niondoke.

Ndipo mguu ukanyooka. Taratibu, bila haraka yoyote, kisigino kikatua mwisho wa mkeka. Macho umeyafumba, pumzi ni ileile. Nikapima, nikafunga fundo, nikatoka mbio mpaka nyuma ya jiko, nikalia.

Naomba unisamehe, Baba, kwa kuwa nilinyemelea. Wiki tatu hizi, nikiwa nashona ngozi ya kiti hiki, sindano imekuwa ikisimama yenyewe hewani huku nikijiuliza kama kweli ulikuwa umelala. Kamba iliyofunga gunia ndiyo hiyohiyo. Mafundo yangu yote manne nimeyafungua. Asiikate mtu, ifungue wewe mwenyewe, kisha mfungie mbuzi.

Nisalimie Shangazi, Mboni, na majirani wote wanaoniulizia. Twalibu akitaka kukijaribu kiti mruhusu, ila mtafuteni baadaye, atapotea humo ndani. Kuhusu mguu usinijibu kitu. Niandikie tu, kwa herufi zako ndefu, kama kofia imeachana na dari, na kama ukitoa salamu shingo inageuka, kulia na kushoto.

Nakutakia uzima, Baba.

Ni mimi mwanao,
Sikuzani binti Mwinyimadi